Aliyeshuka na Aliyenyamaza

Jumatatu, 2 Februari 2026. Farsta.

Daktari amesema valvu ya moyo imechoka. Amesema kwa adabu, akanichorea. Nikamuuliza kama nitaiona Pasaka. Akajibu kwamba mwaka huu Pasaka ni tarehe tano Aprili, kana kwamba nimeulizia kalenda. Nina miaka themanini na minne. Sina la kulalamikia.

Kuna jambo moja tu la kusafisha kabla sijaondoka. Naliandika hapa kwanza, nijizoeze.

Machi 1976. Kanisa moja la hapa Stockholm liliwapeleka wanafunzi wageni Åre, mji wa mapumziko kule kaskazini: mlima juu, ziwa lililoganda chini, na watu wanaoteleza katikati kwa hiari yao. Siku ya kwanza nilianguka kutoka kwenye lifti ya viti kabla haijaondoka. Goti likavimba. Siku ya tatu Elieshi, mwanafunzi wa uuguzi kutoka Machame, alikuja kuazima koti langu jekundu na kitambaa cha kifuani chenye nambari kumi na nne. Yeye hakuwa na nambari kwa sababu jina lake halikuwa kwenye orodha. Sikuuliza kwa nini. Akapanda juu, akashuka mteremko mzima bila kuanguka. Mimi nilikuwa mkahawani nakula keki bapa yenye jamu.

Mpiga picha wa gazeti la kanisa alimpiga akishuka. Kofia, miwani mikubwa, skafu hadi puani. Akaangalia orodha. Kumi na nne: Bethuel, Kenya. Chini ya picha wakaandika kwamba huyu ni mwanafunzi wa kwanza wa Afrika Mashariki kushuka mteremko ule.

Sikusahihisha. Ndiyo yote.

Si yote. Niliisimulia kwenye harusi yangu. Niliisimulia kwenye usaili wa kazi ya upimaji ardhi, nikapata kazi. Niliisimulia kwenye mazishi ya mke wangu, sikumbuki iliingiaje. Kila mwaka naisimulia kwa watoto wa kanisa. Mteremko ule una mwinamo wa nyuzi kumi na tisa. Mwaka jana nilikuwa nimeufikisha arobaini na moja. Mimi, mpima ardhi!

Na mara nyingi Elieshi alikuwepo. Huwa anaketi, anakunywa chai yake, anatazama dirishani. Miaka hamsini hajasema neno. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Angenitukana mara moja ningepona.

Tarehe 28 mwezi huu anarudi Machame kuishi. Ameshagawa samani. Hatutaonana tena.

Kwa hiyo, mpango. Nimpeleke Åre. Sisi wawili tu, siku tatu, vyumba viwili. Niungame palepale nilipotenda. Najua kwamba yeye anakaa Fittja, treni mbili tu kutoka kwangu. Lakini ungamo la miaka hamsini haliwezi kufanyika jikoni kando ya mashine ya kuoshea vyombo. Linahitaji mahali.

Nimempigia simu. Amesema, "Kaka Bethuel, umechelewa kweli kuniuliza. Nitakuja na chupa ya chai." Sijui alimaanisha nini.

Nimemwambia binti yangu Muthoni peke yake. Kwa siri.

Jumatano, 4 Februari.

Muthoni amemwambia mtu mmoja tu. Mmoja! Kwenye mazoezi ya kwaya.

Saa tatu asubuhi akapiga Owuor. Huyu ni mwenyekiti wa Chama cha Wazee wa Afrika Mashariki. Aliendesha treni za chini ya ardhi miaka thelathini, na bado anaongea kama anatangaza kituo kinachofuata. Mwaka 2011 alinishinda uenyekiti kwa kura moja. Kura hiyo ilikuwa yangu. Nilidhani kujipigia mwenyewe ni utovu wa adabu. Yeye hakudhani hivyo.

Aliuliza kwa nini mambo makubwa anayasikia nje. Huniita kwa kazi yangu ya zamani: "Bwana Sevea, nusu karne! Ulitaka kusherehekea kimya kimya kama mwizi?"

Neno mwizi lilinikaa vibaya. Nikamwambia ni mapumziko madogo ya watu wawili. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema kitu kama hicho hakipo.

Inaniuma kukubali kwamba anasema kweli. Nimekaa nchi hii miaka hamsini na miwili, na sijaona mtu wa kwetu akisafiri na mtu mmoja. Jambo likijulikana na wawili ni siri. Akilijua wa tatu, ghafla kuna mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na mtu fulani tayari anatafuta kitenge.

Kamati imeundwa kabla ya chakula cha mchana. Sikupigiwa kura. Mimi ni ajenda.

Jumamosi, 7 Februari.

Mkutano, ukumbini Rinkeby. Watu kumi na wanne. Sala ya kufungua, dakika kumi na moja. Kisha wageni wakaombwa wajitambulishe. Hapakuwa na mgeni. Tukajitambulisha sisi kwa sisi, ili kipengele kisipotee.

Sare: saa moja na robo. Zambarau au kijani? Mama mmoja wa Kongo alisema kijani kitaingia kwenye misonobari na watu watapotea nacho, non, non, asihusishwe. Mama mwingine alisema zambarau ni ya maaskofu. Zambarau ikashinda. Mtu akauliza kama kitenge kinafaa kwenye baridi ya kumi na nane chini ya sifuri. Suala hilo liliahirishwa hadi mkutano ujao.

Nilikuwa nimekaa kimya nikitunga hila. Ukatibu! Katibu ndiye anayekata tiketi na kupanga viti. Nikajitolea. Nikapita bila kupingwa. Owuor alinitazama kwa shaka, kwa kuwa sijajitolea tangu 2011.

Hila yenyewe ni hii. Treni ya kaskazini ina behewa la kimya. Kuongea humo hakuruhusiwi. Saa saba bila hotuba hata moja ya Owuor! Wote nawaweka humo. Elieshi kiti cha dirishani, mimi ubavuni. Wao wakilala, mimi naungama. Nilijipongeza kwa kipande cha pili cha keki.

Kisha tukafika Mengineyo. Owuor huwa anaingoja Mengineyo kama paka mlangoni pa jiko. Akasimama. Akapendekeza kwamba, kwa heshima ya miaka hamsini, Mzee Bethuel ashuke tena mteremko uleule. Makofi. Vigelegele. Imepita kwa kauli moja, na mimi, katibu, nimeliandika azimio hilo kwa mkono wangu.

Elieshi alikuwa anatazama dirishani.

Jumanne, 10 Februari.

Natafuta njia ya kutoka. Cheti cha daktari kingetosha. Lakini Muthoni ni nesi. Akiliona neno valvu ataifuta safari yote. Yeye anajua nilikwenda kwa daktari wa miguu.

Kwa hiyo nikampigia Owuor nikasema ni goti. Liliumia Åre, 1976. Nilihisi usafi wa ajabu. Ni mara ya kwanza nimesema kweli kuhusu goti hili.

Owuor alisikitika sana. Baada ya saa moja akapiga tena, sauti imechangamka. Amepekua mtandaoni. Kuna kiti kilichofungwa mbao za skii chini yake; mtu anakazwa mikanda, mwalimu anashika kwa nyuma, wanashuka pamoja. Ameshakikodi. "Goti halitafanya kazi yoyote, omera. Wewe utakaa tu kama gavana."

Josefin, anayetumwa na manispaa kila asubuhi kunivisha soksi na kila jioni kuzivua, aliuliza kwa nini nimenuna. Nikamweleza yote, na valvu pia. Kiswidi ni lugha nzuri ya kuungamia, hainijui tangu utotoni. Alisikiliza huku akinyoosha soksi ya kushoto. Kisha akauliza kwa nini nisimpigie tu Elieshi simu. Ingechukua dakika nne, alisema.

Vijana hawa hawaelewi kitu.

Ijumaa, 13 Februari.

Nimelegeza msimamo. Labda jikoni si pabaya sana. Nikapanda treni ya mstari wa kijani, kisha ya mwekundu. Pale Fittja nilipumzika mara tatu kabla ya kuufikia mlango wake. Sentensi nilikuwa nimeshaikariri: "Dada Elieshi, aliyeshuka si mimi."

Mlango ukafunguliwa. Akina mama sita! Cherehani tatu! Kitenge cha zambarau kimetandazwa hadi bafuni. Kabla sijavua viatu nimeshapimwa mabega. Nikapimwa na tumbo, kipimo kikasomwa kwa sauti. Mama wa Kongo akauliza kama mzee amepungua au koti ndilo limekua. Wakacheka wote. Nikacheka pia, ili nisionekane ndiye ninayechekwa.

Elieshi aliniletea chai. Nyumba imebaki na kochi moja, saa ya ukutani, na masanduku mawili mlangoni. Akaniuliza, bila kunitazama, kama lile koti jekundu bado ninalo. Nikasema lipo.

"Lije basi. Ningependa kulishika tena."

Akina mama hawakulisikia lile neno "tena". Mimi nililisikia. Chai ilinipalia, nikapigwa mgongoni na watu watatu kwa zamu. Nikarudi Farsta na sentensi yangu.

Jumapili, 15 Februari.

Owuor anaandika hotuba. Anataka takwimu. Baada ya ibada alinivuta pembeni kwa kiwiko. Amepiga simu Åre kuulizia mteremko una nyuzi ngapi. Wamemwambia kumi na tisa. Mbona mimi husema arobaini na moja?

Jasho. Nikamwambia milima hushuka. Barafu, uzito wa hoteli, miaka hamsini. Kisha akatoa kalamu akaandika: milima hushuka. Shahada ni kitu kizuri.

Nililala mchana kutwa. Hapo tayari ni uongo mpya, na sijaungama wa zamani.

Jumanne, 17 Februari. Treni, kisha Åre.

Watu kumi na saba. Watatu wameongezeka kituoni wakiwa na tiketi zao, bila kupitia kwa katibu. Mmoja wao ni Muthoni. Anasema ameona achukue likizo, basi tu.

Treni ilipoondoka Owuor alisimama katikati ya behewa ili afungue kwa sala. Alifikia "Baba yetu" tu. Mswidi mmoja mwenye kitabu akanyoosha kidole kuelekea alama ya ukutani. Owuor akaisoma. Akanitazama. Akaketi. Furaha niliyopata sikuwa nimeipata tangu nilipostaafu.

Ilidumu dakika tatu. Owuor akatoa daftari, akaiandika sala yote, akaipitisha nyuma. Kila aliyesoma akaandika Amina. Daftari lilirudi likiwa na Amina kumi na sita na swali moja kuhusu chakula.

Halafu nikaligundua. Elieshi yuko ubavuni mwangu. Bega kwa bega, saa saba. Hakuna atakayetusikia, kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kusema. Hata mimi! Nilijaribu kunong'ona. Mswidi akafunga kitabu chake kwa kidole ndani na kunitazama kama mkaguzi wa shule.

Baada ya kituo cha Gävle nilichukua leso ya karatasi. Nikaandika: "Mwaka 1976 ulishuka wewe. Nimedanganya miaka hamsini. Nisamehe." Mwandiko wangu bado ni mzuri. Nikamwekea mapajani. Akaiinua, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Akapapasa kifuani. Miwani ya kusomea iko sandukuni, juu, chini ya masanduku ya watu wengine.

Akamgusa Owuor begani, kiti cha mbele, akamnyooshea leso ili amnong'oneze imeandikwa nini.

Sijawahi kuwa mwepesi hivyo, hata miguu ilipokuwa mizima. Niliidaka hewani. Owuor akageuka, mkono umenyooka, anangoja. Sikuwa na pa kuificha. Nikaitumbukiza kwenye kikombe cha chai. Bado anatazama. Nikainywa chai. Leso pia. Ilichukua muda.

Owuor akaandika kwenye daftari: "Mzee yuko sawa?" Likazunguka. Lilirudi na ushauri wa watu kumi na wanne, mwingi ni tangawizi. Muthoni hakuandika kitu. Alinishika mkono, kwenye mshipa, kama anayebembeleza.

Tumefika alasiri. Ziwa ni jeupe lote. Mtu mmoja analivuka na mbwa wake, wadogo kama nukta. Mlima uko palepale. Ni mfupi kuliko ninavyousimulia.

Jumatano, 18 Februari. Åre.

Baridi ya kumi na tano. Suala lililoahirishwa limejiamua lenyewe: vitenge vimevaliwa juu ya makoti manene, na kila mtu ana upana wa watu wawili. Waswidi walitupisha kwenye foleni. Mmoja aliuliza kama sisi ni kwaya. Owuor akasema ndiyo, na ikabidi tuimbe.

Bango lilishikwa na watu wanne: MIAKA 50. MZEE BETHUEL ALISHUKA HAPA.

Siku hizi mtu anapandishwa na kabini iliyofungwa, inaning'inia kwenye waya. Kituoni haisimami, inapita polepole, nawe unaingia. Owuor alikuwa anawapanga watu kwa vyeo. Muthoni alikuwa anamfunga mama wa Kongo skafu. Kabini ikaja. Elieshi akaingia. Nikaingia. Mlango ukajifunga wenyewe. Owuor alibaki nje akigonga kioo, akatembea nasi hatua chache kama anayesindikiza jeneza. Kisha sakafu ikamwishia.

Sisi wawili. Hatimaye! Dakika saba hadi juu.

Nne nilizitumia kumweleza kimo cha nguzo na urefu wa waya. Alisikiliza. Nilikuwa nimelibeba koti jekundu kwenye mfuko, nikampa alishike. Akatia mkono kwenye mfuko wa koti, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha jana.

Ndipo nikasema. Yote. Orodha, harusi, usaili, mazishi, watoto, nyuzi arobaini na moja. Nikasema moyo wangu umechoka na sitaki kufa nimevaa ushujaa wa mtu mwingine. Sikumtazama. Nilitazama dirishani.

Elieshi akacheka. Si kidogo. Kabini iliyumba.

Akaniambia kwamba wiki ile ya 1976 alikuwa amempigia simu mkuu wa chuo cha uuguzi na kusema ana homa. Wenzake walikuwa wodini wanageuza wagonjwa. Yeye akapanda treni, kwa sababu alitaka kujua watu wanakimbilia nini huko. Ndiyo maana jina lake halikuwa kwenye orodha. Picha ilipotoka, mkuu wa chuo aliipenda, akaibandika kwenye chumba cha chai. Elieshi akapita mbele ya picha hiyo miezi minne, kikombe mkononi. Lingekuwa jina lake, angefukuzwa, angerudi Machame bila cheti. Asingefanya kazi miaka thelathini na nane kwenye wodi ya watoto.

"Kila uliposimulia nilitazama dirishani nisicheke. Moyoni nasema, Mungu mbariki mwongo huyu. Na nilikuwa nangoja, kaka. Nilijua siku moja utanileta huku tucheke pamoja. Ningecheka na nani mwingine?"

Nilisamehewa. Kabla hata sijamaliza kuomba. Nilihisi nimeibiwa kitu.

Kisha akanigeukia, akanitazama usoni. Akauliza polepole, "Lakini ulijua, sivyo? Ulijua nimetoroka. Ulinyamaza kwa ajili yangu."

Sikujua chochote. Nilikuwa nakula keki.

Macho yake yalikuwa na maji. Kituo cha juu kilikuwa kinakaribia. Mlango ukaanza kufunguka.

Nikasema, "Nilijua."

Kabini za wenzetu zilipofika Elieshi aliwaeleza wote, mwenyewe, koti jekundu mkononi. Owuor akaitazama ratiba yake iliyochapwa na kusema kwamba jambo hili halikuwa kwenye ajenda. Mama wa Kongo akapiga kigelegele, ajenda ikaisha hapo. Wakamzunguka Elieshi, wakamkumbatia mpaka vitenge vikafunguka. Waswidi walipiga makofi bila kujua ni kwa nini.

Bango likawa tatizo. Owuor alisema haliwezi kubadilishwa bila azimio. Azimio likapendekezwa na kuungwa mkono palepale kwenye theluji. Muthoni akatoa kalamu nene, bango likageuzwa nyuma. Wengine walitaka jina langu litoke kabisa. Elieshi akakataa. Akatamka maneno yeye mwenyewe: MIAKA 50. ALIYESHUKA NA ALIYENYAMAZA.

Owuor alinikumbatia. Alilia, machozi yakamgandia kwenye masharubu. Alisema kwa miaka yote hii alinidhania mtu wa majivuno, kumbe nilikuwa nabeba mzigo wa dada yetu. Aliniomba msamaha. Nilimsamehe. Nilifanya uso ulioonekana kufaa.

Nilidhani basi kiti kimefutwa. Hapana. Azimio la tarehe saba Februari bado linasimama. Owuor alinionyesha nakala. Mwandiko ni wangu.

Nikakazwa mikanda. Nyuma yangu mwalimu, Axel, kijana mwenye pua iliyoungua na jua. Elieshi alivaa koti jekundu na kuketi kwenye kiti cha pili. Kumbe alikuwa amekodi chake, na mwalimu wake, wiki iliyopita, bila kamati. Axel aliniambia nisiwe na wasiwasi, mteremko huu ni wa kujifunzia watoto.

Nilipiga kelele kuanzia juu hadi chini. Niliyemwita simwandiki hapa. Elieshi alipita kushoto kwangu kimya kabisa, ameketi wima, anatazama mbele.

Chini Muthoni alishuka kwa kabini akanishika mshipa. Akasema mapigo si mabaya kwa mtu mwenye valvu kama yangu. Nikauliza valvu gani. Akasema Josefin ana simu, na ilichukua dakika nne.

Jumamosi, 28 Februari.

Elieshi ameondoka. Wote kumi na saba tulikuwa uwanja wa ndege, Owuor akafunga kwa sala, na ndege karibu imwache Elieshi. Koti jekundu amekwenda nalo. Nilimpa. Nilitaka aniage haraka.

Hakuaga haraka. Alinivuta pembeni. Alisema kuwa usiku hulala akiwaza: mtu mmoja tu duniani alijua, na hakuwahi kudai hata asante. Alisema atalisimulia hilo kanisani Machame.

Wenzetu walikuwa mbali kidogo, wanabishana mwavuli ni wa nani. Hakuna aliyekuwa anasikiliza. Hakukuwa na alama ukutani. Nilikuwa na dakika nzima.

Nilitazama dirishani.

Jumapili, 1 Machi. Farsta.

Kanisani wameomba nisimulie habari mpya. Watoto walikuwa mstari wa mbele. Nilikusudia kuwa mfupi.

Nilieleza nilivyonyamaza. Nilieleza vizuri. Katikati ya maelezo mkuu wa chuo cha uuguzi akaja kunigongea mlango na kuniuliza Elieshi yuko wapi. Nikamtazama machoni nikasema simjui mtu huyo. Sijui mama huyu alitokea wapi. Alikuja mara moja. Nilipomaliza alikuwa amekuja mara tatu, mara ya mwisho na polisi. Owuor, kiti cha mbele, alifuta macho kwa tai.

Nimerudi nyumbani na kifua kizito. Inaweza kuwa valvu. Inaweza kuwa lile jingine. Elieshi amenishukuru kwa jambo ambalo sikulifanya, na sasa atalisimulia mbele ya Machame nzima. Siwezi kufa hivi. Lazima ajue kwamba nilikuwa nakula keki.

Jioni Josefin alinipa simu mkononi, ameshaibonyeza namba. Iliita mara mbili. Nikakata. Nilimweleza, kwa upole, kwamba kuna mambo hayasemwi kwa simu. Yanahitaji mahali. Alivuta soksi ya kulia kwa nguvu kidogo.

Nimeshapata mahali. Machame kuna baraza ambalo Elieshi amenisimulia miaka mingi. Ukiketi hapo unauona mlima na theluji yake. Theluji kwa theluji, inafaa sana. Sisi wawili tu. Chai yake, viti viwili. Niungame jioni, asubuhi niondoke. Nimetazama ndege za kabla ya Pasaka. Zipo.

Nimemwambia Muthoni peke yake. Kwa siri.

Simu inalia. Ni Owuor. Anasema safari hii ni kijani.